Pumua Kwanza, Ndipo Nikupime

Hotuba hii niliitoa mbele ya mafundi cherehani, wabunifu wa mitindo, wapiga picha na wanahabari vijana. Waliokosa kufika wameniomba niiweke nzima, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, wadogo zangu wa kamera na kalamu, hamjambo?

Nianze na jambo ninaloliona kila siku kazini. Mteja anaingia kwa furaha, kitambaa mkononi, ana shughuli mbele yake. Tunazungumza vizuri tu, tunacheka. Kisha naivuta futi yangu kutoka shingoni, na hapo hapo uso unabadilika. Mabega yanapanda, tumbo linaingia ndani, pumzi inasimama. Na kabla futi haijamgusa ananiambia: "Samahani fundi, siku hizi nimenenepa." Mwingine ataanza yeye kujicheka: "Mimi kimbaumbau, futi yako itadondoka." Baba mzima, mwenye heshima zake, ananinong'oneza: "Kitambi hicho usikiandike."

Samahani ya nini? Kwani nimekuuliza umekosa nini? Nimeshika futi, sijashika bakora. Lakini nimeshona zaidi ya miaka 20, na sikumbuki wiki iliyopita bila mtu kuniomba radhi kwa ajili ya mwili wake.

Wale wanaobana pumzi huwa nawaambia: pumua kwanza, ndipo nikupime. Nguo hii utaivaa ukiwa unapumua. Nikikupima umejibana, nitamshonea mtu ambaye hayupo, na wewe uliyepo utateseka ndani ya nguo ya huyo asiyekuwepo.

Hilo ndilo nililokuja nalo leo. Ni nani aliyetuzoesha kushonewa, kupigwa picha na kuandikwa kama watu ambao hatupo?

Isikilizeni lugha yetu. Mtu amejaribu suruali, imegoma kupita mapajani. Anasemaje? "Suruali hainitoshi." Hainitoshi! Katika sentensi hiyo aliyepungukiwa ni nani? Ni suruali. Suruali ndiyo iliyoshindwa kazi yake. Nguo inabana, nguo inapwaya, nguo imekukaa. Ikikufaa kupita kiasi watu wanakwambia imekupenda. Katika maneno yote hayo mtu amesimama palepale, nguo ndiyo inayohangaika kumfikia. Mdomo unasema hivyo, lakini moyoni tunasikia kinyume chake: mimi ndiye niliyeshindwa kuitosha nguo. Tunatoka chumba cha kujaribia nguo vichwa chini, tunakwenda kuulizia dawa ya kupungua.

Sasa tuulizane. Zile namba za saizi kwenye lebo zimetoka wapi? Wengi tunazichukulia kama jambo la maumbile, kama vile maji yanavyochemka kwa nyuzi 100. Sivyo hata kidogo.

Mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani, naam, ya kilimo, msicheke, ilituma watu wakapime wanawake katika majimbo kadhaa. Waliosimamia ni Ruth O'Brien na William Shelton. Walipimwa wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59. Ni kazi kubwa, siidharau. Mimi nikimpima mtu vipimo 12 najiona nimesoma. Lakini kulikuwa na dosari. Waliopimwa ni waliojitokeza wenyewe kwa malipo kidogo, na vipimo vya wanawake wasio weupe havikutumika. Kutokana na takwimu za namna hiyo, mwaka 1958 serikali ya huko ikatoa kanuni za saizi za nguo za kike. Mwaka 1983 ikaziondoa. Umesikia? Walioziweka wenyewe waliziondoa. Sisi tumebaki tunalia nazo.

Tangu hapo kila kiwanda kina "kumi" yake. Wenye viwanda wakagundua kwamba mteja akiingia kwenye namba ndogo hufurahi na hununua, basi wakaacha namba palepale, wakaongeza kitambaa. Ndiyo maana mwanamke mmoja anakuwa 10 duka la kwanza, 12 duka la pili na 14 duka la tatu, siku moja, saa moja, na hajala kitu katikati. Halafu anaondoka analilia ile 14.

Niwasimulie kisa cha Norma. Miaka ya mwanzo ya 1940, mchongaji Abram Belskie na daktari Robert Latou Dickinson walitengeneza sanamu mbili, ya kike na ya kiume, kwa kufuata wastani wa vipimo vya maelfu ya vijana wa Kimarekani weupe. Ya kike wakaiita Norma. Mwaka 1945 gazeti moja la mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, likaandaa shindano: tumtafute mwanamke anayelingana na Norma. Wanawake 3,864 wakatuma vipimo vyao. Waamuzi walidhani watapata taabu kumchagua mmoja kati ya wengi wanaolingana.

Mnadhani walipatikana wangapi waliolingana na sanamu kwa vipimo vyote tisa? Mia? Kumi?

Hakuna hata mmoja! Kati ya wanawake 3,864, hayupo. Hata waliokaribia kwa vipimo vitano kati ya tisa hawakufika 40. Zawadi ikabidi apewe aliyekaribia kuliko wenzake. Hapo mtu mwenye akili zake angesema: jamani, sanamu yetu ina kasoro. Lakini wako waliosoma matokeo yale wakahitimisha kwamba wanawake ndio wenye kasoro, hawafanyi mazoezi. Sanamu ikabaki sahihi, watu 3,864 wakawa makosa.

Sasa lishikeni hili la pili, kwa sababu ndilo ninalolipenda zaidi. Ni Ohio hiyo hiyo, miaka mitano baadaye. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na ndege zenye chumba cha rubani kilichojengwa kwa vipimo vya wastani vya marubani wa miaka ya 1920, na ndege zilikuwa zinaanguka mno. Wakadhani marubani wamekuwa wakubwa kuliko zamani. Mwaka 1950 wakawapima upya, marubani zaidi ya 4,000. Kijana mmoja luteni, Gilbert Daniels, akachukua vipimo 10 vilivyohusu kukaa ndani ya chumba kile, akauliza swali dogo: ni marubani wangapi wanaoangukia karibu na wastani katika vipimo vyote 10?

Nyote mmeshajua jibu. Sifuri.

Jeshi likafanya nini? Liliwaambia marubani wakafunge kula? Liliwauzia mikanda ya kubana tumbo? Hapana. Lilibadilisha kiti. Likawaagiza watengenezaji wa ndege waweke viti vinavyosogea mbele na nyuma, pedali zinazorekebishika, mikanda ya kofia inayokazwa na kulegezwa. Kiti kikamfuata rubani. Watu wa vita, ambao hakuna anayewasema kwa upole, walielewa jambo ambalo sisi watu wa mitindo bado tunalibishia!

Mafundi wenzangu, na hapa nasema nanyi peke yenu, wengine mnaweza kupumzika kidogo. Tunajua jinsi saizi kubwa zinavyotengenezwa kiwandani. Inakatwa nguo ya mtu mmoja, mwembamba, kisha patani yake, yaani karatasi ya kukatia, inatanuliwa pande zote kwa kipimo kilekile. Matokeo yake tunayaona mezani kwetu kila siku: gauni limekaa tumboni, lakini bega limeshuka hadi nusu ya mkono, kwapa limefika kwenye mbavu. Kwa nini? Kwa sababu mfupa wa bega haunenepi. Mtu mnene si mtu mwembamba aliyepulizwa kama puto. Ni umbo jingine, linataka mkato wake. Mvivu wa kukata ndiye anayesema, "nguo haziwapendezi wanene."

Nimemaliza, mnaweza kurudi.

Wadogo zangu wa kamera, zamu yenu. Pale tunapomwona mwanamitindo kwenye tangazo, shati limemkaa kama alizaliwa nalo, tumewahi kuzunguka nyuma yake? Mgongoni kuna pini na vibanio, kitambaa kimekusanywa kama mkia. Hata yeye, aliyechaguliwa kati ya mamia, nguo haimtoshi! Kisha picha inapelekwa kwenye kompyuta: kiuno kinakatwa, ngozi inafutwa vinyweleo, mikunjo ya kwapa inaondolewa. Anayetazama nyumbani anajipima na mtu ambaye hata mwenye picha akijitazama kwenye kioo hamwoni.

Na kwa nini mwili unaochaguliwa ni uleule? Watu hudhani ni suala la ladha. Mara nyingi ni uchumi wa sampuli. Mbunifu anashona kila nguo moja tu ya maonyesho, kwa kipimo kimoja kidogo. Nguo hiyo moja ndiyo inayopanda jukwaani, ndiyo inayotumwa kwa majarida ipigwe picha. Anayeitosha ndiye anayeonekana. Kwa hiyo hatukuwahi kukaa tukaamua kwamba uzuri ni huo. Nguo ndiyo iliyochagua mtu. Na imeua. Mwaka 2006 wanamitindo wawili wa Amerika Kusini, Luisel Ramos wa Uruguay na Ana Carolina Reston wa Brazili, walifariki ndani ya miezi michache. Wa kwanza moyo ulisimama akiwa kazini kwenye maonyesho, wa pili aliuawa na maradhi ya kujinyima chakula. Walikuwa na miaka 22 na 21. Mwaka huo huo waandaaji wa maonyesho ya Madrid wakaanza kuwakataa waliopungua kupita kiasi. Ulihitajika msiba ndipo swali liulizwe.

Kamera nayo ina historia yake. Kwa miongo mingi, maabara za kusafisha picha zilipanga rangi zao kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe. Wafanyakazi waliita kadi hizo "Shirley". Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Ngozi nyeusi ikitoka kama kivuli chenye meno, hiyo ni shida ya mwenye ngozi. Mnajua ni nani waliolalamika hadi wakasikilizwa? Watengenezaji wa chokoleti na samani! Hudhurungi ya bidhaa zao haikutoka sawasawa. Ni watu wangapi walikua wakiamini kwamba "hawatoki vizuri kwenye picha", kumbe kilichowakataa ni karatasi na dawa ya kusafishia?

Kuna wanaosema, ah, ni picha tu, picha haimuumi mtu. Nitawapeleka Fiji.

Fiji ni visiwa ambako mwili uliojaa ulisifiwa, na mtu akipungua ndugu walishtuka, wakauliza kama anatunzwa vizuri. Mwaka 1995 televisheni ilifika mkoa wa Nadroga. Mtafiti mmoja, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baada ya televisheni kufika, kisha akarudi mwaka 1998 akahoji kundi jingine la umri huohuo. Ni utafiti mdogo, makundi ya wasichana wapatao 60 kila moja, sitaki kuukuza kuliko ulivyo. Lakini sikilizeni. Mwaka 1995 hakukuwa na msichana hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Na asilimia 74 walisema kuna nyakati wanajiona wakubwa mno au wanene. Miaka mitatu! Mifupa haikubadilika. Kilichoingia ni boksi moja lenye kioo, na ndani yake wanawake wa nchi za mbali waliokuwa wamebanwa pini mgongoni.

Leo boksi hilo limekuwa simu, tunalala nalo kitandani. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni inayomiliki Instagram zilivuja, na utafiti wao wenyewe ulisema asilimia 32 ya wasichana waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao walisema Instagram iliwazidishia. Filta nayo imekwenda mbele ya mhariri wa jarida. Yule alihariri uso wa nyota, filta inahariri uso wako wewe, kisha inakurudisha kwenye kioo cha bafuni.

Sheria zimejaribu. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya tangazo iliyobadilishwa umbo la mwanamitindo lazima iandikwe kwamba imerekebishwa, na faini inaanzia euro 37,500. Norway iliweka sharti la namna hiyo mwaka 2022. Mimi naziheshimu sheria hizo, ila sizitegemei sana. Maandishi madogo pembeni ya picha jicho huyaruka, mwili uliokatwa jicho hulikumbuka umbo lake.

Nanyi wa kalamu, msidhani nimewasahau. Ni nani anayeandika "amerudi kwenye umbo lake" kuhusu mwanamke aliyejifungua? Kwani hili alilo nalo ameazima? Ni nani anayeandika "ajiachia", "afunika kitambi kiaina", "bonge lakini anajiamini"? Hiyo "lakini" inafanya nini pale? Na mwembamba naye, ambaye watu humshika mkono bila ruhusa na kumuuliza kama nyumbani kuna chakula, nani amesema yeye haumii? Wanaume je? Siku hizi vijana wanakuja kwangu na picha ya mtu mwenye kifua kama ngao, wananiambia, "Fundi, nishonee nionekane hivi." Shati halioti misuli, mdogo wangu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kidogo, mnisamehe.

Neno hili la kuukubali mwili limegeuka kuwa bidhaa. Lilikoanzia halikuwa hivyo. Mwaka 1967 watu mamia walikusanyika Central Park, New York, wakala hadharani na kuchoma vitabu vya kupunguza uzito, wakidai wanene waache kunyanyaswa. Mwaka 1969 kikaundwa chama cha kutetea haki zao. Madai yao yalikuwa ya ardhini kabisa: tusinyimwe ajira, daktari atusikilize kabla hajatutazama tumbo, tupate kiti cha kukalia. Leo hii tumebakiwa na nini? Losheni yenye maneno matamu. Kampuni ya Unilever ilianzisha mwaka 2004 kampeni kubwa ya sabuni yake ya Dove ya kusifu uzuri halisi wa wanawake, na wakati huohuo ikaendelea kuuza krimu ya kung'arisha ngozi iliyoitwa Fair & Lovely, hadi mwaka 2020 ilipobadilisha jina, si krimu. Mkono mmoja unakupapasa, mwingine unakuingia mfukoni.

Na watu wa kawaida tumeongezewa mzigo. Zamani uliambiwa upungue. Leo unaambiwa ujipende kila asubuhi mbele ya kioo, na usipojipenda hilo nalo ni kosa lako. Mimi siwadai wateja wangu wajipende. Siku nyingine mtu anaamka hataki hata kujiona, na bado anahitaji nguo ya kwendea kazini. Ninachodai ni kidogo: asimame wima, apumue, asiniombe radhi.

Kuna atakayesema, "Fundi, unawasifia watu ugonjwa." Presha ipo, sukari ipo, sijaja kuzikanusha. Zipimwe na mwenye kifaa chake, mlango umefungwa, kwa heshima. Mhariri wa jarida hana kifaa hicho, wala jirani, wala mimi. Hata ile hesabu ya uzito kwa urefu tunayoitishiana ilianzia miaka ya 1830 kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa hesabu na nyota, aliyekuwa akitafuta wastani wa umma. Hakuwa tabibu, na hakuwa akikupima wewe.

Je, inawezekana kufanya tofauti bila kuhubiri? Mwaka 1998, London, mbunifu Alexander McQueen alimpandisha jukwaani Aimee Mullins, mwanariadha aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti akiwa na umri wa mwaka mmoja. Alimchongea miguu ya mbao, ina maua na mizabibu. Waliokuwepo walidhani ni buti, na wengine wakatamani kuzipata. Hakukuwa na hotuba wala bango la huruma. Fundi aliutazama mwili ulivyo, akatengeneza kinachoutosha.

Nimalizie na la kwetu mafundi. Wazee waliotufundisha kazi walituambia tusikate kitambaa kikaribiane na mshono, tuache akiba ndani, kwa sababu mwili hubadilika. Viwanda vimeondoa akiba hiyo ili kubana kitambaa.

Mteja wangu mmoja aliniletea gauni alilolifungia kabatini miaka sita. "Nilikuwa nasubiri nipungue," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekiri kosa. Nikaligeuza ndani nje. Aliyelishona, namshukuru popote alipo, alikuwa ameacha akiba ya inchi nzima kila ubavu. Nikafumua, nikatanua, nikashona upya, kazi ya mchana mmoja. Ila kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani hakikupauka, kwa hiyo kila ubavu ukabaki na mstari wa rangi iliyokolea. Nikamwambia nitaufunika kwa utepe, hakuna atakayejua.

Akavaa, akasimama mbele ya kioo. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akapitisha kidole juu ya ule mstari.

"Uache," akasema. Akalipa, akaondoka amelivaa, nguo aliyokuja nayo ameikunja kwapani.

Asanteni.